Ng'ombe Waliokatwa Pichani

Baba yangu, Mzee Okombo, tulimzika siku ya soko, na mimi nasema alipanga mwenyewe. Alikuwa mtu asiyependa kuwasumbua watu waje mara mbili. Waliofika Kosele kununua mihogo walipata na msiba hapo hapo, wakalia, wakala, wakaenda nyumbani na mihogo yao.

Kama hukuzaliwa upande wetu wa Homa Bay, acha nikueleze tero buru kidogo, maana kesi nzima ililala hapo. Mzee akifa, wanaume hawakai wamejikunyata kama kuku walionyeshewa. Tunatoa ng'ombe wa boma na wa majirani, tunashika mikuki na marungu, tunajipaka majivu, tunajifunga majani, halafu tunakimbia hadi mpakani mwa ardhi yetu tukipuliza filimbi na pembe. Tunakifukuza kifo. Adui ni yeye peke yake, hakuna mwingine. Tukifika mpakani tunachoma hewa kwa mikuki, tunamtukana kifo mpaka ashike njia yake, kisha tunarudi na ng'ombe polepole, tumechoka, tukiimba. Mama yangu, Phelesia, ni mtu wa kanisa na huyaita mambo ya giza. Lakini siku hiyo nilimwona amesimama mlangoni akiangalia kama ng'ombe wa baba walikuwa wengi kuliko wale wa mazishi ya shemeji yake. Walikuwa wengi. Akarudi ndani kulia vizuri.

Njia ya kwenda mpakani hupita katikati ya soko, mbele ya maduka. Sisi hatukuipeleka njia sokoni. Soko ndilo lililokuja kukaa njiani. Maganlal, Mhindi mwenye duka la kona, hulijua jambo hilo kuliko chifu. Mwaka mmoja fahali wa matanga aliingia dukani mwake, akajaribu kugeuka kati ya chupa za peremende na madebe ya mafuta ya taa. Hadi leo Maganlal akisimulia hushika kichwa kwa mikono miwili. Tangu hapo akisikia filimbi hupiga komeo, husimama nyuma ya mlango kimya mpaka vumbi litulie, halafu hutoka na sukari ya msiba begani mwa mchukuzi. Baba alipewa gunia zima. Walikuwa wakicheza bao pamoja tangu nikiwa sijaota meno.

Sasa, siku hiyo, Mzungu mmoja alikuwa akipita na Volkswagen ya kijivu. Baadaye tulijua jina lake ni Bwana Harwood, mwandishi wa Mnara, gazeti la Nairobi linalotoka kwa Kiingereza siku za kazi na kwa Kiswahili Jumamosi. Aliona mikuki. Aliona mlango wa Mhindi unafungwa. Akatoa kichwa na kamera dirishani, kisha akarudisha vyote viwili ndani, akapandisha kioo, akaenda zake. Hakumuuliza mtu hata jina la mahali. Nadhani alilisoma kwenye kibao.

Ulikuwa mwaka wa sitini na nane, mwezi wa pili. Wahindi wenye pasipoti za Uingereza walikuwa wanakimbilia ndege kabla Waingereza hawajafunga mlango, na Mnara lilikuwa na njaa ya picha moja: Mwafrika akimfukuza Mhindi. Sisi tukaipeleka mezani imeiva.

Jumamosi gazeti likafika. Ukurasa wa kwanza, mbele kabisa, kaka yangu Fanuel, mtoto wa kwanza wa nyumba yetu, mwalimu wa shule ya msingi kule karibu na Rongo. Ameinua mkuki wa marehemu, mdomo wazi hadi unaona koo. Wengine nyuma yake ni majivu matupu, hata mama zao wasingewajua. Nyuma yao mlango umefungwa na jina la Maganlal linasomeka vizuri. Juu yake, kwa herufi za kuamsha viziwi: GHASIA KOSELE, WENYE MIKUKI WAVAMIA DUKA LA MHINDI. Na chini: Kiongozi wa kundi akitoa kelele za vita.

Kelele za vita! Fanuel alikuwa analia. Mimi nilikuwa nyuma yake. Upepo ulikuwa unaniletea machozi na kamasi zake, kwa hiyo usinibishie.

Lakini kilichoniumiza zaidi ni kwamba ng'ombe hawakuwemo. Barabara ilikuwa imejaa ng'ombe, huoni lami wala shimo, na kwenye picha hamna hata mkia. Karibu na goti la Fanuel, ukikodoa macho sana, kuna ncha ya pembe, nayo unaweza kudhani ni tawi. Mtu alikuwa amepitisha mkasi. Ukiwatoa ng'ombe, matanga yanageuka vita. Ukimwacha ng'ombe mmoja tu, hata mtoto wa darasa la kwanza atauliza: nani huyo anayekwenda kupora duka na ng'ombe wake?

Jumatatu askari walikuja nyumbani na gazeti limekunjwa mfukoni. Fanuel alikuwa amekaa barazani, kichwa kimenyolewa cha msiba. Akasimama, akawapa mkono.

"Karibuni. Mmekuja kutupa pole?"

"Wewe ndiye huyu?" askari akauliza, akifungua gazeti.

Fanuel akajitazama. "Ndiye mimi. Lakini mbona wameniacha peke yangu? Ng'ombe wako wapi?"

Walimchukua. Shtaka lilikuwa kukusanyika na silaha kwa nia ya kutisha watu. Kesi ikapangwa mwezi unaofuata, na hapo ndipo mama alipoanza kuangalia mawingu. Kwetu mdogo hapandi kabla ya mkubwa. Mama hufungua shamba, kisha Fanuel na mkewe Roseline, kisha mimi na wengine kwa zamu. Hiyo mikono ya kwanza ikikosekana, jembe linalala. Kwa hiyo usidhani tulikuwa tunapigania mtu mmoja tu selo. Tulikuwa tunapigania mahindi ya mwaka.

Basi mimi, Maurice, niliyemaliza sekondari na kurudi nyumbani na Kiingereza kingi na suruali moja, nikaonekana ndiye wa kwenda kusema na gazeti.

Mtu wa Mnara kule Homa Bay alikuwa Onsongo, Mkisii mwembamba aliyeuza magazeti kwenye chumba nyuma ya fundi baiskeli, na mara moja moja akituma habari za mafuriko na bei ya pamba. Nilimkuta akila karanga.

"Bwana Onsongo, ng'ombe wetu wako wapi?"

"Ng'ombe wakipotea unaenda polisi, si kwangu."

"Nyinyi ndio mliowapoteza." Nikaweka gazeti juu ya karanga zake.

Aliitazama picha, akaacha kutafuna. "Ah. Hiyo." Akafunga mlango kwa mguu bila kusimama. "Omera, ndugu yangu, mimi nimekaa hapa na Wajaluo miaka mingi. Tero buru nimeziona mpaka moja ilikanyaga baiskeli yangu. Siku ile ile picha ilipotoka nilipiga simu Nairobi. Nikasema, jamani, hayo ni matanga. Unajua nilijibiwa nini?"

"Asante?"

"Nilijibiwa: Onsongo, kumbe nawe unawachukia Wahindi? Mimi! Mimi ambaye jino hili," akaufungua mdomo kunionyesha, "niliwekewa na Mhindi wa Kisumu, na bado namsalimia."

"Sasa mtu akitaka kusema gazeti limekosea, anasemaje?"

Onsongo alifikiri, akajipangusa chumvi ya karanga. "Uanze mbali. Kwanza sema huna neno na Wahindi. Halafu sema huna neno na Wazungu. Halafu useme unaheshimu magazeti, bila magazeti tungekuwa gizani. Ukimaliza hapo, polepole, ndipo uwatoe ng'ombe."

"Lakini hakuna aliyeniuliza kama nina neno na Wahindi."

"Watakuuliza."

"Na nikianza mimi kusema sina neno nao, si ndipo watadhani ninalo?"

"Hapo ndipo sijui, Maurice. Mimi nauza tu." Akarudia karanga, lakini nilipofika mlangoni akaniita. "Picha nzima ipo. Kuna kijana kwenye chumba chao cha giza, tunatoka kijiji kimoja. Nitajaribu. Na Harwood mwenyewe atakuja kusikiliza kesi. Uanze mbali, umesikia?"

Tulikwenda na mama kwa Maganlal kesho yake. Nusu ya rafu zilikuwa wazi, na sakafu imejaa mafurushi. Mkewe alikuwa ametangulia Uingereza kwa ndugu yake. Yeye alibaki kutafuta mnunuzi wa duka. Alipomwona mama alisimama, akavua kofia.

"Mama Fanuel," alisema kwa Dholuo, na Dholuo chake ni kitamu kuliko changu, "nilitaka kuja. Niliona haya."

"Haya ya nini? Si wewe uliyepiga picha."

"Kaka yangu amenipigia simu akilia. Ananiuliza kama bado nina masikio yote mawili. Nikamwambia, mimi hapa ninamwogopa fahali tu. Akasema, wamekulazimisha useme hivyo." Akacheka kidogo, kisha akakoma. "Nitakwenda kwa hakimu. Nitasema nilifunga kwa sababu ya fahali."

"Utasema hivyo hivyo?" mama akauliza. "Mbele ya watu?"

"Okombo alikuwa ananiibia bao miaka yote hiyo mbele ya watu. Nami nishindwe kumsemea mtoto wake?"

Mama alicheka kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Akafunga chumvi aliyopewa kwenye ncha ya kanga, na njiani alinitangulia kwa hatua za mtu aliyelala vizuri.

Bwana Harwood alifikia nyumba ya wageni ya pale mjini, ile yenye baraza inayotazama ziwa. Nilimpata saa ya chai. Nisimseme vibaya: hakunifokea, hakuniweka chini ya ngazi. Alinivutia kiti, akaniuliza kama natia sukari. Ndiyo maana nilijiona nimeshafika.

Nilianza mbali kama nilivyofundishwa. "Bwana Harwood, mimi sina neno na Wahindi."

Akatoa kalamu. Akaandika.

Nilidhani nikiongeza na mengine kama hayo ataandika zaidi, na mwisho ng'ombe wataingia kwenye karatasi kwa mwendo ule ule. "Sina neno na Wazungu pia. Wala Waarabu wa kule sokoni. Wala Wagoa." Nilipomaliza kuwataja watu wote nisio na neno nao, chai ilikuwa imepoa, na yeye alikuwa akiandika bado.

"Sasa," nikasema, "ni habari ya ile picha. Ilikuwa na ng'ombe."

"Ng'ombe?"

"Wengi. Yalikuwa matanga ya baba yangu. Waliokata picha waliwaondoa."

"Mhariri hukata kulingana na nafasi aliyonayo."

"Angetuachia hata mmoja. Ndama tu."

Alitabasamu. Nikatabasamu. Halafu akaegemea nyuma, na Kiswahili chake kikawa polepole kama cha mtu anayemhurumia mgonjwa. "Nisikilize, kijana. Mimi nilikuwepo. Niliona mikuki, niliona mtu anafunga duka lake kwa haraka. Je, unasema sikuona kwa sababu ngozi yangu ni nyeupe?"

"Hapana. Nasema hukuona kwa sababu ulikuwa ndani ya gari."

"Na kama aliyepiga picha angekuwa Mwafrika, ungekuja hapa kulalamika?"

Hapo nikaufuata ulimi wangu. Nyumbani husema ulimi wangu ulizaliwa kabla yangu. "Angekuwa Mwafrika wa hapa," nikamwambia, "angeshuka garini akimbie nasi!"

Nilicheka. Nilitaka naye acheke, maana ni kweli: mtu wa kwetu akikutana na tero buru huegesha baiskeli, huvunja tawi, hujiunga. Ni heshima. Bwana Harwood hakucheka. Aliandika, akafunika kalamu kwa kifuniko chake, akanishukuru kwa kuja.

Jumamosi Mnara likaja. KIJANA WA KOSELE: MWAFRIKA ANGEKIMBIA NASI. Chini yake: Ndugu wa mshtakiwa, Maurice Okombo, alisisitiza mara nyingi, bila kuulizwa, kwamba hana neno na Wahindi. Waliongeza mstari mmoja mwishoni: Alizungumzia pia ng'ombe.

Roseline, mke wa Fanuel, alinisomea kwa sauti mbele ya mama, akatafsiri kwa Dholuo neno kwa neno, bila huruma, akanikunjia gazeti mapajani.

"Shemeji," akasema, "siku nyingine ukienda kumtetea mume wangu, nenda na mdomo wa mtu mwingine."

Nilikubali nimekosa. Andika hilo, maana halitokei mara nyingi.

Siku ya kesi chumba kilijaa, na wengine walisimama nje wakisikilizia dirishani. Hakimu alikuwa mgeni, ametumwa kutoka mbali, mtu mpole wa miwani. Fanuel aliletwa amekonda, nywele zimeanza kurudi kichwani bila mpango.

Maganlal aliingia amevaa koti jeusi. Alisema yote. Jinsi fahali alivyoingia mwaka ule, jinsi tangu hapo anavyofunga kila filimbi ikilia, gunia la sukari, bao na marehemu. Aliposema Okombo alikuwa mwizi wa kete watu walicheka, na hakimu pia alificha mdomo. Nilimwona mama akinyanyua uso. Mimi nilihesabu tumeshapona.

Mwendesha mashtaka akasimama taratibu.

"Mzee, duka lako bado liko wazi?"

"Nauza, bwana."

"Unaondoka nchini?"

"Ndiyo."

"Baada ya siku ile ya mikuki."

"Nilipanga kabla."

"Kwa nini unaondoka, kama Kosele ni kwema hivyo?"

Maganlal alifungua mdomo. Alimtazama mama, akamtazama hakimu, akaangalia watu waliojaa mlangoni. Ungekuwa yeye ungesemaje? Kwamba Kosele ni kwema lakini makaratasi ya leseni yanamtoa jasho? Kwamba mke amekwenda? Kila jibu lilikuwa na mtu wa kumkasirisha. Akasema tu, "Ni mambo ya familia."

"Familia. Na familia ya mshtakiwa, imekutembelea kabla hujaja hapa?"

"Mama yake alikuja."

"Peke yake?"

"Na kijana wake."

"Kijana yupi? Huyu wa gazetini, asiye na neno na Wahindi?"

Chumba kizima kiligeuka kunitazama. Nimezoea kutazamwa, nimeshachekesha harusi na vilabu, lakini macho yale nilitamani niyarudishe.

"Mzee," mwendesha mashtaka akasema, na sauti yake ilikuwa laini kweli, "hapa uko salama. Sema bila hofu."

"Sina hofu!" Maganlal akasema kwa sauti kubwa mno. Na kwa sababu ya ukubwa wa sauti ile, kila mtu aliona hofu.

Halafu Onsongo akatokea mlangoni na bahasha ya kahawia. Alikuwa ameipata picha nzima. Bwana Harwood alikuwa ameketi benchi la mbele, na Onsongo alipita mbele yake kama anapita mbele ya simba, akampa wakili wetu, kijana wa Kisumu tuliyemchangia kijiji kizima. Wakili akaifikisha kwa hakimu.

Ng'ombe walikuwepo. Wote. Niliwaona kwa mbali juu ya meza: kundi limejaza nusu ya chini ya picha, pembe kama msitu, na fahali wa baba, yule mweusi wa kipaji cheupe, amegeuza uso kwenye kamera kama mtu anayejua anapigwa picha. Watu walinong'ona, mwingine akapiga kofi. Mama akasema, "Asante, Yesu," na mimi, niseme kweli, nilisema pia.

Hakimu alitazama muda mrefu. "Hawa ng'ombe ni wa nani?"

"Wa marehemu na wa majirani," wakili akajibu.

"Na majirani wapo hapa waseme waliwatoa kwa hiari?"

Walikuwepo. Walikuwa nje dirishani, wanawaona wenzao wawili wa kwanza walioingia kushuhudia wakiulizwa kama nao walishika mikuki. Wanne waliondoka kimya kimya. Usiwalaumu, aliyesema ndiyo angekuwa amejipeleka gerezani kwa miguu yake. Mmoja aliingia, akasema ng'ombe ni wake, akaulizwa na yeye alikuwa wapi siku ile, akasema nyumbani. Ng'ombe wake walikwenda wenyewe. Basi na yeye akawa hana maana.

Fanuel akapewa nafasi ya mwisho.

"Mdomo wako uko wazi kwenye picha hii," mwendesha mashtaka akasema. "Unasema nini?"

"Nalia."

"Na mkuki mkononi?"

"Ni wa baba."

"Kwa hiyo unalia na mkuki."

Wachache walicheka. Fanuel aliwatazama mpaka wakanyamaza.

Hakimu alivua miwani, akaipangusa, akaanza kusoma. Alisema anaelewa yalikuwepo matanga. Alisema hata anaamini huenda palikuwa na desturi. Kisha akasema: "Mahakama haina neno na mila za mtu yeyote."

Hapo nikajua tumekwisha. Nilikuwa nimejifunza kwa Bwana Harwood kwamba anayeanza kwa kusema hana neno, neno liko njiani.

Likaja. Kwamba wakati huu macho ya ulimwengu yako juu ya Kenya. Kwamba mtu wa jamii nyingine akiona mikuki hawezi kujua ni ya kifo au ni yake. Kwamba mwalimu alipaswa kujua zaidi. Miezi sita. Shule yake haikungoja. Ilimwandikia mtu mwingine nafasi kabla hajafika gerezani.

Wiki ile Mnara lilitoa picha nzima. Ndiyo, ile tuliyoiomba, na ng'ombe wote, hata kipaji cheupe. Juu yake: PICHA MPYA YA KOSELE, NG'OMBE PIA WALISWAGWA. Hawakusema waliibiwa. Walisema waliswagwa tu, na msomaji akamalizia mwenyewe. Onsongo ndiye aliyeniletea, akiwa hana tena magazeti ya kuuza. Walikuwa wamempa kazi mtu mwingine. Alikuja kwa baiskeli hadi Kosele, akakaa nje, akala karanga zake bila kunikaribisha.

"Tuwaandikie?" nikamwuliza. "Tuseme ng'ombe ni wetu?"

"Uanze na nini?"

Tulikaa tukifikiri. Nilitafuta sentensi ya kwanza, na kila niliyoipata ilikuwa na mtu ndani yake ambaye sikuwa na neno naye. Jua likasogea. Onsongo akapanda baiskeli.

Mvua zilifika mapema mwaka ule. Majirani walipanda siku ya kwanza, na baada ya wiki mbili mashamba yao yalikuwa ya kijani hadi kwenye mpaka wetu, halafu yanakatika kama nywele zilizonyolewa. Wazee walisema inawezekana Fanuel aguse mbegu huko aliko, kisha sisi tupande. Roseline alichukua kibuyu cha mahindi, akasafiri hadi gerezani. Mlangoni askari alimwaga mahindi mezani, akayakagua moja moja kama anatafuta bunduki, akamwambia chakula kibichi hakiingii. Akamwambia pia alishamsoma mumewe gazetini.

"Alikuwa na adabu?" nikamwuliza aliporudi, nikijaribu kumchekesha.

"Alisema hana neno na mimi," Roseline akajibu, akaweka kibuyu chini.

Maganlal aliondoka siku hizo. Alikuja kuaga na bao la baba, lile alilodai miaka mingi kwamba si la baba, akaliweka mlangoni. Akashika mkono wa mama kwa mikono yake miwili. Mnara liliandika kwamba Mhindi wa mwisho wa Kosele amekimbia. Hakukimbia. Alipanda basi kama watu, na alisimama njiani kumpisha ng'ombe.

Nilimwambia mama: wewe ni mtu wa kanisa, umeyaita mambo haya ya giza maisha yako yote. Panda. Mungu haangalii nani ametangulia.

Alikuwa akitazama shamba. "Nyathina, mwanangu," akasema, "nikifungua shamba mtapanda nyinyi, naye atakuwa amepitwa. Mwenye kupitwa hivyo ni aliyekufa. Mimi nimezika mmoja tu mwaka huu."

Mvua ikaendelea, ikapungua, ikaisha. Magugu yaliota vizuri sana kwetu, siyo siri. Siku moja mama aliingia jikoni na kile kibuyu, akamimina mahindi ya mbegu kwenye chungu, akatia maharagwe, akawasha moto. Roseline alimwona, akageuza uso. Mimi nilikuwa nimeketi karibu na mlango, na nilijua kuna neno la kuchekesha mahali fulani, maana lipo siku zote; nililitafuta mpaka chakula kikaiva.

Tukala nyoyo, ndivyo tunavyoyaita mahindi na maharagwe ya kuchemsha. Mama akaweka sahani ya Fanuel pembeni, akaifunika, na jioni akawapa kuku.